Gunzi Moja, Punje Nyingi: Mwongozo wa Kujifunza Maneno ya Kiingereza kwa Mizizi Yake

Mapema mwezi Machi 2021, neno moja la Kiingereza lilisimamisha malori ya mahindi Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Kenya ilikuwa imepiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania, na sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa *aflatoxin*. Marufuku haikudumu. Baada ya siku chache mahindi yakaruhusiwa tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi chembe 10 katika kila bilioni. Malori yakasonga, lakini neno likabaki midomoni mwa watu: madereva, wapagazi, na akina mama wanaovusha magunia mawili matatu. Kulitamka walijifunza haraka. Limeumbwaje, hakuna aliyewaambia.

Tulipukuchue basi, kama tunavyopukuchua hindi.

Wagiriki wa kale waliita upinde *toxon*, na sumu ya kupaka mishale ikapata jina lake kutokana na upinde huo. Hapo ndipo ilipotoka *toxin*. Kipande cha *fla* ni mkato wa *flavus*, neno la Kilatini la rangi ya manjano. Herufi *a* ya mwanzo imekatwa kutoka *Aspergillus*, jina la jamii ya kuvu. Jina hilo lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, padri wa Italia aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea. Alipoitazama kuvu hiyo kwa hadubini aliona inafanana na kile kinyunyizio cha maji ya baraka ambacho padri hukikung'uta juu ya waumini. Kwa Kilatini kinaitwa *aspergillum*. Ukiunganisha vipande unapata sumu ya kuvu iitwayo *Aspergillus flavus*. Neno lenyewe lilitungwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa chakula cha karanga zenye kuvu.

Na Kiswahili kilipohitaji jina lake, kilipita njia ileile: sumu ikabandikwa kwenye kuvu, tukapata sumukuvu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi na Kiingereza cha fomu, mabango na vitabu vya shule, na ambaye amechoka kukariri orodha za maneno Jumatatu na kuzisahau Ijumaa. Njia ninayoipendekeza ni kushika gunzi ili punje zije zenyewe. Mzizi mmoja wa Kigiriki au Kilatini ukikukaa, maneno matano au kumi ya Kiingereza hukukalia pamoja nao.

Kazi hii unaijua tayari

Usiogope kwamba hukusoma Kilatini. Kuchambua neno ni kazi unayoifanya kila siku bila kuiita jina. Ukisikia kitabu, katibu, maktaba na mkataba, sikio lako linatambua ukoo mmoja: k, t na b, mzizi wa Kiarabu unaohusu kuandika. Ukisikia soma, somo, msomi na kisomo, huhitaji kufundishwa mara nne.

Nenda Tororo, upande wa Uganda, utakuta mfano mzuri zaidi. Wenyeji wanaitwa Jopadhola na lugha yao Dhopadhola. *Jo* ni watu, *dho* ni kinywa, na kwa hiyo lugha. *Padhola* ni kwa Adhola, mzee anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa kabila. Mtoto wa Tororo anayejua tofauti ya *jo* na *dho* ameshaelewa kanuni yote ya makala haya: sehemu ya mbele inabadilika, moyo wa neno unabaki.

Walimu wa Kiswahili wametupa majina ya sehemu hizo, tuyatumie: kiambishi awali mbele, mzizi katikati, kiambishi tamati nyuma. Maneno mengi marefu ya Kiingereza yamejengwa kwa mpango huohuo.

Chagua maneno yenye gunzi

Si kila neno la Kiingereza linapukuchulika. *House*, *water*, *eat* na *night* ni maneno ya kale ya jamii ya Kijerumani, na huko hakuna Kilatini cha kutafuta. Hata neno lililoupa mji wa Busia sifa lina asili hiyo. Waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kati ya vituo viwili vya mpaka pale Busia waliita wateja kwa kupaza sauti "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. *Border* ilifika Uingereza kupitia Kifaransa, lakini mzizi wake ni wa Kijerumani.

Kigiriki na Kilatini viliingia kwa milango mingine. Mwaka 1066 Uingereza ilitekwa na Wanormani, na kwa karne kadhaa mahakama na wakubwa wakatumia Kifaransa, mtoto wa Kilatini. Baadaye wanasayansi na waganga wa Ulaya, waliozoea kuandika vitabu vyao kwa Kilatini, walichukua mizizi ya lugha hizo mbili kila walipotaka jina jipya. Kwa hiyo shika kanuni hii: neno fupi la nyumbani liache lilivyo, neno refu la ofisini, hospitalini au darasani lipukuchue.

Hatua ya kwanza: soma mabango ya mpakani

Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Tangu hapo, anayetoka Kenya kwenda Uganda huhudumiwa upande wa Uganda tu, na anayekuja Kenya huhudumiwa upande wa Kenya. Foleni imepungua, ila mabango ni yaleyale, na kila bango ni somo la bure.

Anza na *port*, kutoka *portare*, kubeba. *Import* ni kubeba kuingiza, *export* ni kubeba kutoa, *transport* ni kubeba kuvusha. *Deport* ni kumbeba mtu kumwondoa. *Report* ni kurudisha habari ulizozibeba, *support* ni kubeba kwa kushikilia chini, *portable* ni kinachobebeka. Mchukuzi wa mizigo ni *porter*. Hapo una maneno manane kwa gunzi moja, na viambishi vitano umevipata kama nyongeza ya muuzaji: *in* ndani, *ex* nje, *trans* kuvuka, *de* kuondoa, *re* kurudi.

Sasa vipeleke viambishi hivyo kwenye mzizi mwingine. Kilatini *ire* ni kwenda, na umbo lake mojawapo ni *it*. *Exit*, neno lililoandikwa juu ya mlango, ni sentensi nzima ya Kilatini: "anatoka". *Transit*, lililo kwenye hati za malori yanayopita Uganda kuelekea Rwanda au Congo, ni kwenda kwa kuvuka. Mzigo wa *transit* haukai hapa, na ushuru wake haulipwi kama wa mzigo unaokaa.

Mzizi wa tatu ni *spec*, kutazama. *Inspection* ni kutazama ndani: mkaguzi anafungua turubai. *Spectator* ni mtazamaji wa mpira, na *spectacles* ni miwani. *Suspect* ni mtu anayetazamwa kwa jicho la chini, yaani mshukiwa. Mwenzake ni *vis*, kuona. *Visa* kwa Kilatini ni "zilizoonekana": hati zimepita mbele ya macho ya afisa, naye amekubali.

Malizia na neno linalowatisha wafanyabiashara wa nafaka na miche: *phytosanitary*. Kigiriki *phyton* ni mmea. Kilatini *sanitas* ni afya. Cheti hicho kirefu kwa kutamka ni cheti cha afya ya mimea, basi. Neno limechanganya damu mbili, nusu Ugiriki na nusu Roma. Kwetu mpakani si ajabu, wengi tumezaliwa hivyo.

Hatua ya pili: ingia hospitalini

Mpakani Kilatini ndicho kinachotawala, lakini hospitalini Kigiriki kimekaa kitini. Simama mbele ya milango ya hospitali yoyote kubwa ya Busia au Tororo usome vibao huku ukingoja zamu yako.

Anza nyuma ya neno. *-itis* katika tiba ni uvimbe wenye maumivu na joto. Ukiliona, mbele yake kuna kiungo cha mwili. *Gastritis*: *gaster*, tumbo. *Hepatitis*: *hepar*, ini. *Arthritis*: *arthron*, kiungo cha mifupa. *Tonsillitis* ni mafindofindo. Huhitaji kujua ugonjwa. Unahitaji kujua kiungo, na neno linakuambia lenyewe.

Kisha damu, *haima*. *Haemorrhage* ni kuvuja damu. *Anaemia* ni kupungukiwa damu, kwa kuwa *an* ya Kigiriki ni "bila". Mama mjamzito anaambiwa ana *anaemia*, anahofia ameambukizwa kitu. Angejua vipande hivyo viwili angeelewa mara moja kwa nini anashauriwa kula maini, maharagwe na mboga za majani na kumeza vidonge vyake.

Mama huyohuyo anapita chini ya bango la *antenatal*. *Ante* ni kabla, *nat* ni kuzaliwa. *Postnatal* ni baada ya kuzaliwa. *Ante* hiyo uko nayo kwenye simu kila asubuhi: *a.m.* ni *ante meridiem*, kabla ya adhuhuri, na *p.m.* ni *post meridiem*, baada yake. Usiichanganye na *anti* ya Kigiriki, yenye maana ya "dhidi ya". *Antibiotic* inapigana na vijidudu hai. Kliniki ya *antenatal* haipigani na mtu.

Hatua ya tatu: panda Mwamba wa Tororo

Mwamba wa Tororo unaonekana kutoka mbali, na mawe ya chokaa ya eneo lake ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji katika miaka ya 1950. *Cement* imetoka *caementum*, vipande vya mawe yaliyochongwa, na mzizi wake ni *caedere*: kukata, kupiga, kuua. Ndani ya maneno ya Kiingereza mzizi huu umejificha kwa sura za *cid* na *cis*. *Incision* ni mchano wa daktari wa upasuaji. *Insecticide* ni dawa ya kuua wadudu. *Homicide* ni mauaji ya mtu. *Precise* ni kitu kilichokatwa sawasawa, pasipo ziada.

Na *decide*? Kukata na kutupilia mbali. Mwingereza akiamua, anakata. Sisi tukiamua tunakata shauri. Unapokutana na picha kama hii, iandike kwa wino mwekundu. Mzizi ulioshikana na msemo wako wa nyumbani hautoki kichwani.

Kusini mwa mji kuna vilima vya Osukuru, maarufu kwa madini ya *phosphate* yanayotengenezewa mbolea. Kigiriki *phos* ni nuru, *pherein* ni kubeba: fosforasi ni mbeba nuru, kwa sababu aina yake mojawapo hung'aa gizani. Nuru hiyohiyo imo katika *photograph*, maandishi ya nuru, na *photosynthesis*, kuunganisha vitu kwa nuru, jambo linalofanywa na muhindi shambani. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa kemia wanakula gunzi moja bila kuambiana.

Hatua ya nne: daftari la magunzi

Kwa kusoma makala tu hutakuwa umejifunza neno hata moja usipoandika. Nunua daftari la kurasa 48, uligawe hivi:

1. Ukurasa mmoja kwa mzizi mmoja. Andika mzizi katikati kwa herufi kubwa, chini yake maana kwa Kiswahili, na kama una lugha ya mama, kwa Kiteso, Kisamia au Dhopadhola pia.

2. Uzungushie maneno matano, si ishirini. Kila neno liwe umelikuta mwenyewe, na andika ulipolikuta: "bango la forodha", "boksi la dawa", "redio".

3. Likate kila neno kwa mistari ya wima, *trans | port*, kisha andika maana ya kila kipande, halafu maana ya neno zima. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo utakayoikumbuka.

4. Tunga sentensi moja ya kweli ya maisha yako. "My brother exports tomatoes" ni bora kuliko sentensi kumi za kunakili, mradi kaka yako anauza nyanya kweli.

5. Thibitisha kwa kamusi. Kamusi nzuri za Kiingereza hutoa asili ya neno mwishoni mwa maelezo yake. *L* ni Kilatini na *Gk* ni Kigiriki. Watu wengi huruka sehemu hiyo. Wewe anzia hapo.

Mizizi mitatu kwa wiki yatosha. Irudie siku ya pili, siku ya nne na siku ya saba, ukiwa umefunika maana kwa kiganja. Baada ya wiki kumi utakuwa na mizizi 30, na maneno 150 ambayo hukuyakariri hata mara moja. Ukiwa na watoto nyumbani, fanya mchezo: mmoja anataja *spec*, wengine wanashindana kutoa punje. Anayekwama anaosha vyombo.

Mitego minne

*Wa kwanza ni "in" mbili.* Jioni moja nilikuwa nimesimama Malaba na kijana wa kidato cha pili, mbele yetu foleni ya malori ya mafuta. Ubavuni mwa lori moja pameandikwa *HIGHLY INFLAMMABLE*. Akanigeukia kwa furaha: "Mwalimu, *in* ni kukanusha, kama *invalid*. Basi lori hili halishiki moto kabisa." Nilimshika mkono nikamsogeza nyuma kabla ya kumjibu. *In* ya Kilatini ni mbili zinazofanana sura: moja ya kukanusha, nyingine ya kuingiza. *Inflammare* ni kutia moto ndani. Lori lile lilikuwa likituonya kwamba linawaka upesi mno. Kwa sababu ya hatari hiyo wengi siku hizi huandika *flammable*, na maana ni ileile.

*Wa pili ni kubadilika kwa sauti.* *In* inakuwa *im* katika *import*, *il* katika *illegal*, *ir* katika *irregular*. Isikushangaze, Kiswahili kinafanya hivyo. Tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya, wala hakuna anayesema "nbaya". Midomo inatafuta urahisi, Roma kama Busia.

*Wa tatu ni pacha wasio ndugu.* *Ped* ya Kilatini ni mguu: *pedal* ya baiskeli, *pedestrian* anayetembea. *Paed* ya Kigiriki ni mtoto: *paediatrics*, tiba ya watoto. Wamarekani huandika zote *ped*, na hapo kamusi ndiyo mwamuzi.

*Wa nne ndio mgumu kuliko yote.* Mzizi hukuambia watu waliwaza nini walipotunga neno. Haukuambii kama waliwaza sawa. *Malaria* ni Kiitaliano, "hewa mbaya", kwa kuwa watu waliamini homa inatoka kwenye mvuke wa vinamasi. Mwaka 1897 Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Jina lilibaki, imani ikaondoka. Tumia mzizi kubahatisha maana, kisha sentensi yenyewe na kamusi vikuhukumu.

Punje zilizokwisha kuingia ghalani mwako

Kabla hujafunga daftari, acha ukurasa mmoja wa maneno ya Kiswahili yenye babu hao hao. Mengi tumeyapata kupitia Waarabu. Kalamu ni *kalamos* ya Kigiriki, unyasi. Karatasi ni *khartes*, iliyozaa *chart* na *card*. Falsafa ni *philosophia*. Sabuni ni *sapo* ya Kilatini. Meza imetufikia kupitia Wareno, kutoka *mensa*.

Na kandili. Kilatini *candela* ni mshumaa, kutoka *candere*, kung'aa kwa weupe. Roma ya kale, aliyetaka cheo alivaa joho lililopaushwa likawa jeupe pe, akaitwa *candidatus*. Ndiyo maana mwanafunzi anayeingia chumba cha mtihani, Kenya au Uganda, anaitwa *candidate*. Yeye na kandili la bibi yake ni wa mzizi mmoja.

Jipime

Siku moja utakuta karatasi ya ushauri kuhusu kuhifadhi nafaka, yenye sentensi kama hii: *Aflatoxins are hepatotoxic.* Usikimbilie kamusi. Neno la mwisho hukulisoma popote katika makala haya, lakini vipande vyake vyote viwili umekwisha kuvipata, kimoja kwenye malori ya mahindi, kingine kwenye milango ya hospitali. Likate kwa mstari wa wima uandike maana ya kila upande.

Ukimaliza, nenda katazame gunia lako la mahindi. Kama halijakauka vizuri, lianike tena juani.